Nusu za Mama

Mama aliniita Kiguu-na-Njia tangu nilipoanza kutembea, na hakukosea. Mimi na kiti hatuelewani. Nikikaa, goti linacheza. Nikisimama, natafuta pa kwenda. Kazi ya kushinda nimeinamia karatasi nikipiga hesabu kwa penseli niliipata kwa sababu Dada alishaipata kabla yangu, na wakubwa wa ofisi ya mto walidhani akili ni kitu cha ukoo, kama pua.

Siku ninayoisimulia, hata watu watulivu walikuwa kiroho papo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki baada ya wiki, mpaka nguo zikawa zinanuka uvundo zikiwa kabatini. Kwenye ubao mkubwa wa ofisini kwetu palikuwa na mstari mwekundu, uliochorwa kwenye mia tatu. Maana yake ni sentimita mia tatu za maji pale darajani. Jibu la hesabu ya jioni likivuka mstari huo, Mkuu wa ofisi anatuma gari la kipaza sauti mtaa wa chini, watu waambiwe watoke. Lisipovuka, gari linabaki limeegeshwa. Asubuhi hiyo jibu la jioni lilikuwa mia mbili tisini na moja.

Mama yetu alikaa mtaa wa chini, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Ni nyumba ambayo ukiingia unashuka ngazi. Maji yakivuka kizingiti chake hayatandai uani na kuishia huko, yanajaza chumba kama ndoo. Kizingiti chenyewe kilikuwa karibu sawa na ule mstari mwekundu, vidole viwili vitatu juu yake. Kwa hiyo tisini na moja ilikuwa nafuu, na kila mtu ofisini alipumua. Mimi nilishindwa.

Inabidi nieleze kazi yetu, nami nitafanya haraka maana maelezo marefu yananiwasha. Mlangoni petu paliandikwa CHUMBA CHA KOMPYUTA tangu kabla mashine haijaletwa. Kompyuta tulikuwa sisi, wanawake wa penseli na kifutio, kazi yetu kukokotoa. Kila asubuhi wapimaji wa huko juu kwenye vilima walitupigia simu kusema maji yamefika wapi kwenye nguzo zao. Sisi tukayateremsha maji hayo kwenye karatasi, kipande kwa kipande cha mto, hadi mjini. Kwa kila kipande unachukua kimo cha juu na kimo cha chini, unajumlisha, unagawa kwa mbili, unasonga mbele. Katikati ya njia nguzo ilisombwa msimu uliopita na hakuna aliyeirudisha, kwa hiyo pale jibu letu la jana ndilo lililokuwa mwanzo wa hesabu ya leo.

Hesabu ile ile ilifanywa na watu wawili waliokaa pande mbili za kiambaza cha mbao. Hawachunguliani, hawaulizani. Wakipatana, jibu linakwenda ubaoni. Wakipishana kwa moja, linachukuliwa lile kubwa, kwa sababu maji si ya kufanyiwa mzaha.

Upande wa pili wa kiambaza changu alikaa Mama Miwani. Miwani yake aliifunga kwa uzi shingoni, na akikokotoa alikuwa anavuma kwa pua, wimbo usio na kichwa wala miguu, kutwa nzima. Mimi naye tulikuwa paka na panya. Karibu kila siku tulipishana kwa moja, na kila mara lake ndilo lililokuwa kubwa. Nilimwona mchokozi. Nilimwambia hivyo, naye akaniambia nijifunze kukaa kwanza ndipo nijifunze kuhesabu.

Kisha ikaja mashine. Ilishushwa kwenye lori ikiwa ndani ya makreti, ikajaza chumba chote tulichokuwa tukilia chakula cha mchana. Ilikuwa na makabati marefu ya chuma, na ndani yake safu kwa safu za vali, vile vitaa vya kioo vinavyowaka na kutoa joto mpaka feni zinapuliza hewa ya moto. Vali moja ikifa, mashine nzima inanuna. Chakula chake ni kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Penye tundu ni ndiyo, pasipo na tundu ni hapana, hakuna neno lingine inalolijua.

Alikuja nayo Fundi, mwanamume mwembamba mwenye mifuko iliyojaa vali zilizokufa, ambazo hakuweza kuzitupa. Huyu alipenda kueleza. Alitueleza kwamba kadi za matundu zilianza kwenye mitambo ya kufuma vitambaa, ambako tundu lilimwambia mtambo uzi upi uinuliwe na upi ulale. Baadaye wenye akili wakazitumia kuhesabu watu wa nchi nzima. Wengine wakatengeneza mashine za hesabu za magurudumu ya meno, wengine za swichi za umeme zinazogongagonga, mpaka tukafika kwenye vali.

"Kumbe ni cherehani iliyosoma," nilimwambia.

Alicheka, kisha akachukua chaki akachora sanduku kwenye ukuta wa chumba chetu. Mshale wa kwanza unaingia, mshale wa pili unatoka. "Kinachoingia ni vimo vya maji," alisema. "Ndani panafanyika hesabu. Kinachotoka ni jibu. Mmeelewa? Lakini huo bado si mfumo kamili." Akachora mshale wa tatu, unaotoka kwenye jibu, unazunguka chini ya sanduku na kurudi mwanzo. "Huu unarudi kuuliza: je, nilichosema ndicho kilichotokea? Mfumo usiokuwa na huu ni mtu anayetembea amefumba macho. Anaiamini miguu yake, basi."

Tuliitikia kwa vichwa. Saa ya kutoka ilikuwa imekaribia.

Ilihitajika mtu wa kuifundisha mashine hesabu yetu, hatua kwa hatua, tundu kwa tundu. Akachaguliwa Dada, na ilikuwa haki. Dada akikaa amekaa. Anaweza kutoboa kadi kutwa nzima na usimsikie hata akikohoa. Alipomaliza, wenzetu wakagawanywa ofisi nyingine, na Mama Miwani akastaafu. Nikabaki mimi peke yangu na penseli yangu, kazi yangu kuikagua mashine. Upande wa pili wa kiambaza sasa kulikuwa na makabati yanayonguruma.

Na tangu siku ya kwanza tukapatana. Wiki baada ya wiki, mimi na mashine hatukupishana hata kwa moja. Mkuu alisugua viganja. "Mnaona?" alisema. "Ule ugomvi wenu na Mama Miwani ulikuwa ubinadamu tu."

Nilifurahi kwa kweli. Nani hapendi kuonekana alikuwa sahihi siku zote?

Asubuhi ile ya tisini na moja, simu ikalia. Alikuwa Mzee wa Daraja, anayesoma nguzo ya pale mjini.

"Binti, mto uko juu ya hesabu yenu."

"Juu kiasi gani, mzee?"

"Mlisema saa hizi utakuwa mia mbili sitini na kitu. Mimi naona themanini na saba."

"Unaonea wapi? Dirishani kwako kibandani?"

"Nimeshuka mwenyewe. Viatu vimejaa maji, njoo uvikamue kama huamini."

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti lake la mvua mkononi. Hakushtuka. Mzee wa Daraja alijulikana mji mzima kwa kutia chumvi. Mwaka juzi alituamsha wote kwa mamba aliyekuja kuwa gogo. Tena nguzo yake iligongwa na lori, ikalala kidogo.

"Nguzo iliyolala husoma zaidi ya maji yaliyopo," Mkuu alisema. "Hesabu mbili zimepatana, mtu mmoja anabisha. Tunaandika zilizopatana." Akatundika koti lake kwenye msumari uliokuwa ukutani, juu ya mchoro wa Fundi, likaufunika mshale wa tatu wote.

"Leo ni siku ya tatu anasema hivyo," nikasema.

"Basi siku ya nne atatuambia kuna mamba."

Nilikwenda chumba cha mashine. Dada alikuwa anapanga kadi. Nikamwambia maneno ya Mzee.

"Umekagua hesabu?" aliuliza.

"Nimekagua mara mbili."

"Imepatana?"

"Imepatana."

"Sasa unataka nini, mdogo wangu? Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Sikujua nilichotaka. Ndiyo hali mbaya kuliko zote, kuwashwa mahali usipopajua. Nilirudi mezani, nikainuka, nikachungulia dirishani, nikarudi. Ilipofika saa ya chakula nilichukua mwavuli nikateremka mtaa wa chini kwa miguu. Maji ya mto yalikuwa yamebadilika rangi na yalikwenda kimya kimya, kwa kasi, yakibeba majani na magome ya miti.

Nilimkuta Mama kwenye cherehani yake, anashona sare za shule, mlango wazi na mvua inarusha matone mpaka ndani. Jirani yake, muuza mkaa, alikuwa amesimama kizingitini na mtoto mgongoni.

"Mama Kompyuta," jirani alimwuliza, "wewe unahama?"

Hilo ndilo jina walilompa mtaani, na alilivaa kama kofia mpya.

"Nihame niende wapi?" Mama alisema. "Wanangu wamepiga hesabu. Tisini na moja. Na si wao peke yao, na mashine imesema hivyo hivyo. Nenda kamlaze mtoto."

Jirani akaenda. Nikamwona akisimama mlango wa pili na wa tatu akiwaambia wenzake, na mtu mmoja aliyekuwa ameshatoa godoro nje akalirudisha ndani.

"Mama, twende kwetu leo ukalale huko," nikasema.

"Jibu limebadilika?"

"Halijabadilika."

"Basi?"

"Basi tu. Moyo wangu hautulii."

"Moyo wako haujatulia tangu nikuzae." Alivuta kitambaa, akakipima kwa utepe. "Ishirini na saba na nusu," alisoma, na kwa chaki akatia alama kwenye ishirini na saba. "Nusu haishonwi. Mshono utaibeba."

Mkasi ukapita. Kipande chembamba kikaanguka sakafuni, akakiokota, akakisukuma ndani ya gunia lililokuwa chini ya meza pamoja na mabaki mengine. Mama hatupi kitu.

Maneno yale nimeyasikia maisha yangu yote. Utepe ule ndio aliotufundishia hesabu mimi na Dada kabla hatujaona mlango wa shule, kila mmoja ameshika ncha yake. Nusu haishonwi, mshono utaibeba. Yamenikaa mpaka siyasikii tena, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake.

Nilimuaga. Nilifika kona ya mtaa, penye duka la dawa, na pale miguu yangu ikagoma. Miguu yangu mimi. Nilisimama kwenye mvua na mwavuli umelala begani, kisha nikaingia dukani nikaomba simu.

"Dada," nilisema alipopokea. "Mashine ikigawa kwa mbili, ikabaki nusu, inaifanyaje?"

"Inaiacha."

"Nani ameiambia iiache?"

"Mimi. Si ndivyo inavyofanywa?"

"Inavyofanywa na nani?"

Nilisikia feni za mashine, na mvua kwenye bati la duka.

"Na Mama," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Na mimi naiacha, Dada. Kila siku naiacha. Mama Miwani ndiye aliyekuwa anaipandisha."

Sikumaliza. Simu ilikuwa imeshawekwa chini, na nilipofika ofisini nikihema, Dada alikuwa ameshazima mashine, jambo ambalo hata Fundi huomba radhi kabla ya kulifanya. Kubadilisha kadi kungechukua siku nzima. Kwa mkono, tukianza na siku ya kwanza ya mvua na kufanya vile vipande vilivyo chini ya nguzo iliyosombwa tu, tungeweza kumaliza kabla ya jioni.

"Tusiiache, na tusiipandishe," Dada alisema. "Tuibebe kama ilivyo, nusu kwa nusu, mpaka mwisho. Na tusikae pamoja."

Alikwenda akaketi upande wa Mama Miwani. Nikachukua karatasi. Sijawahi kukaa namna ile, goti halikucheza. Siku za mwanzo tofauti ilikuwa nusu moja, ya kupuuzwa. Lakini jibu la jana ni mwanzo wa leo, na ile nusu niliyoibeba ikaingia hesabu ya kesho, ikakutana na nyingine, zikawa moja, zikashuka pamoja kipande kinachofuata. Kadiri nilivyoikaribia siku ile ndivyo nilivyoandika kwa nguvu, mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

Nilipata mia tatu na kumi na nane kwa jioni. Dada akaleta karatasi yake. Mia tatu na kumi na nane.

Mara hii kupatana hakukunifurahisha, kulinitia baridi. "Tumepatana tena," nikamwambia. "Sisi tunapatana hata tukipotea."

Dada akainua simu, akampigia Mzee wa Daraja mwenyewe. Hesabu mpya ilisema saa ile mto ungekuwa mia mbili tisini na nane.

"Nguzo inasemaje, baba?"

"Niseme, au mtaniambia nguzo imelala?"

"Sema, tafadhali."

"Mia tatu kamili. Toa mbili za kulala. Na inapanda."

Tuliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Alitazama karatasi, akatutazama sisi. "Wiki zote hizi mmepatana," alisema. "Leo mnataka nihamishe mtaa mzima kwa sababu ya nusu?"

"Kupatana ndiko kulikotupoteza," nilianza, lakini mimi nikianza huwa napayuka, na Dada akanishika mkono.

"Mashine haikukosea," alisema. "Imefanya nilichoiambia. Niliiambia vibaya, na aliyewekwa kunikagua amefundishwa na mtu yule yule aliyenifundisha mimi. Hapakuwa na mashahidi wawili, Mkuu. Alikuwa mmoja. Tuma gari."

Alisema hayo akijua anaweza kumwaga unga pale pale. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na vali mbovu mkononi, akaenda chumbani kwetu, akalitungua lile koti la mvua, akarudi akampa Mkuu. "Utalihitaji," alisema.

Gari liliondoka nami nikiwa ndani. Mtaa wa juu kidogo watu walitoka mara moja, wakibeba watoto na masufuria. Lakini tulipofika karibu na mto, watu walisimama milangoni wakisikiliza kipaza sauti, kisha wakageuza macho kuutazama mlango wa Mama. Na Mama alikuwa ndani, anashona.

Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kidole kufika kizingitini. Niliruka, nikashuka ngazi.

"Mama, toka. Ni mia tatu na kumi na nane."

Hakuinua macho. "Asubuhi tisini na moja, jioni mia tatu na kumi na nane. Mmepiga hesabu au mmepiga ramli?"

"Mama, tafadhali."

"Nimewaambia watu wakae." Sasa aliniangalia, na niliona alikuwa na hasira kwa sababu alikuwa na aibu. "Mtaa mzima wamekaa kwa neno langu. Yule wa mkaa nimemrudisha ndani na mtoto wake. Nikitoka sasa nitawaambia nini? Wanangu hawajui kuhesabu? Nani amewafundisha kubadilisha jibu?"

Nilipiga magoti, nikaingia chini ya meza, nikalivuta lile gunia. Halikuja. Nilijua lipo, ila sikujua uzito wake. Nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa mikono miwili, likatoka, nikalimwaga kitandani. Kitanda kikafunikwa na mengine yakaporomoka sakafuni. Vipande vya sare, vya mapazia, vya gauni la Dada la kwanza, vya suti ya marehemu baba, vyembamba vyote, vyote upana wa nusu inchi.

"Nusu zako hizi," nikamwambia. "Hazikwenda popote. Nguo ina mshono wa kuzibeba. Mto hauna mshono, Mama."

Alinyoosha mkono akachukua kimoja. Akakizungusha kidoleni. Nje kipaza sauti kiliendelea kubwata na hakuna aliyekisikiliza.

"Na nyinyi mlikuwa mnaziacha?" aliuliza.

"Wote wawili."

"Na mashine?"

"Na mashine. Dada aliifundisha ulivyotufundisha."

Kwa muda mfupi sana niliona fahari usoni kwake, kwamba ile mitambo yote, na joto lake lote, ilikuwa imefuata neno lake. Kisha uso ukamshuka. Alisimama, akaniamuru nifungue kichwa cha cherehani, akapanda ngazi mpaka mlangoni akiwa na vile vitambaa mkononi.

"Tokeni," aliwaambia majirani. "Nilikosea. Tokeni wote."

Kipaza sauti hakikuweza, yeye aliweza. Muuza mkaa alikuwa wa kwanza kupita, mtoto mgongoni, na Mama akainamisha macho. Mimi nilikuwa ngazini na kichwa cha cherehani kifuani niliposikia kitu cha baridi kikinilowesha kisigino. Maji yalikuwa yamevuka kizingiti, na yalikuwa yanashuka ngazi taratibu.

Hakuna aliyekufa. Nyumba ya Mama ilijaa mpaka dirishani, na za majirani zake vilevile. Alikuja kukaa nasi. Juma la kwanza hakushona, alikaa tu karibu na dirisha na utepe shingoni. Siku moja tukila, alituuliza, bila kumtazama yeyote kati yetu:

"Nyinyi mlikuwa mnakaguliwa na mashine, mashine inakaguliwa na nyinyi. Mimi nilijifunza peke yangu, nikikata nguo za watu. Nani alikuwa ananikagua mimi?"

Dada aliweka kijiko chini.

Ofisini, Dada hakufukuzwa, kwa kuwa ndiye peke yake aliyejua kila tundu la kila kadi. Alizitoboa upya. Mama Miwani aliombwa arudi, akarudi na uzi wake ule ule na kuvuma kwake kule kule. Kisha Mkuu akaniita mimi. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Wewe ndiye uliyetuokoa," alisema. "Lakini huwezi kumkagua dada yako."

Niliubamiza mlango wake nikitoka. Nilikasirika siku nzima, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Sikupata hata pa kubishia. Fundi alinikuta naondoa penseli zangu mezani, akanionyesha ukutani kwa kidole. Mshale wa tatu ulikuwa umechorwa upya, mnene, na msumari umeng'olewa.

"Huu haukai kwenye kiti," alisema.

Ndiyo sababu sasa niko darajani. Ninapokezana na Mzee wa Daraja, ambaye magoti yake yameanza kumsumbua na ambaye bado anasema lile gogo lilikuwa na macho. Nguzo imenyooshwa. Asubuhi yangu ya kwanza niliteremka kwenye matope, maji yakiwa yametulia na kurudi mahali pake, nikachuchumaa kusoma. Yalikuwa kati ya alama mbili. Nikasikia sauti ya Mama kichwani, kama kawaida, na nikabaki pale nimechuchumaa mpaka ikanyamaza.

Nilipanda kibandani nikapiga simu. Alipokea Dada.

"Mia moja sabini na mbili," nikasema.

Penseli yake ikakwaruza. Nyuma yake nilimsikia Mama Miwani akivuma.

"Basi?" Dada aliuliza.

"Na nusu."

Penseli haikukwaruza. Kisha akaniambia nishuke nikasome tena.

Nikashuka.